Mpira wa mkojo ukigoma: anzia kwenye mfuko, panda juu

Mtu mwenye mpira wa mkojo (katheta, kimpira kinachoingizwa kibofuni kutoa mkojo hadi kwenye mfuko) anaweza kufungua kibanda chake Majengo, Dodoma, kulima mpunga Bahi, kwenda Dar na kurudi, na kulala na mwenzi wake. Kinachomfungia ndani mara nyingi si ule ugonjwa uliomfanya awekewe mpira. Ni vituko vya mpira wenyewe: umeziba, unavuja, unanuka, unauma, umechomoka. Hapo familia hukimbilia vidonge vya duka la dawa, kumbe mrija umejikunja chini ya paja.

Kanuni ni moja kwa kila tatizo hapa chini: fuata njia ya mkojo kwa kurudi nyuma. Mfuko kwanza, halafu mrija unaoshukia mfukoni, kiungio cha mrija na mpira, mpira wenyewe, na mwisho tumbo. Ukirukia mwisho utatibu kitu kisichokuwepo.

Kabla ya yote, jua umevaa nini. Kwenye kile kimkono kidogo chenye valvu ya rangi pameandikwa saizi na ujazo wa puto (kile kibofu kidogo cha maji kinachozuia mpira usichomoke), kwa mfano 16 na 10 ml. Andika kwenye simu hayo mawili, aina ya mpira na tarehe uliyowekewa. Mpira wa lateksi kwa kawaida haupitishi wiki 4. Wa silikoni unaweza kufika wiki 12. Nesi wa zahanati ya Mvumi au Kongwa ambaye hajawahi kukuona atakuhudumia haraka zaidi akisoma mistari hiyo minne kuliko akisikiliza historia ya mwaka mzima.

Mkojo hauingii kwenye mfuko

Hili ndilo la kushughulikia upesi kuliko yote. Weka kiganja juu kidogo ya mfupa wa kinena, chini ya kitovu, ubonyeze taratibu. Pakiwa pagumu, pamejaa, na kubonyeza kunakutia hamu ya kukojoa, kibofu kimejaa na njia imeziba. Pakiwa laini na mkojo wa mwisho ulikuwa wa rangi ya kahawia, huenda hakuna mkojo wa kutoka: umekauka. Oktoba na Novemba Dodoma, jua likiwaka na upepo mkavu ukivuma, hili hutokea sana kwa watu wanaoshinda shambani au kwenye biashara za barabarani.

Kama umekauka, kunywa glasi mbili za maji na usubiri saa moja. Kama tumbo ni gumu, usinywe kwanza. Maji yatakwenda kujaa pale pale. Kagua hivi:

1. Mfuko uko juu ya kibofu? Ushushe. Mkojo hautembei kupanda mlima. Anayelalia godoro lililowekwa sakafuni hupata shida hii kila usiku, kwa sababu mfuko hauna pa kushukia. Inua godoro juu ya kitanda au chaga ili mfuko uning'inie angalau sentimita 30 chini ya kiuno, bila kugusa sakafu. Ndoo safi kando ya kitanda inafaa kuuhifadhi.
2. Mfuko umejaa? Ukifika theluthi mbili, mwaga. Lita mbili za mkojo ni kilo mbili zinazovuta shingo ya kibofu.
3. Mrija umejikunja au umekaliwa? Ufuate kwa vidole kutoka mfukoni hadi mwilini. Sehemu za hatari ni chini ya paja, kwenye mkanda wa suruali, kwenye fundo la khanga, na kwenye ukingo wa kiti mwendo.
4. Plasta ya pajani imebana mpira ukakunjika? Ibandue, ifunge upya ukiacha ulegevu kidogo.
5. Mpira umenyonya ukuta wa kibofu? Hutokea mfuko ukining'inia chini sana. Inua mfuko hadi usawa wa kitovu kwa sekunde chache, kisha ushushe.
6. Umekaa siku ngapi bila choo? Choo kigumu kilichojaa kwenye puru husukuma kibofu na kubana mpira.

Ukimaliza yote na bado kimya, mpira umeziba kwa ndani, ama kwa bonge la damu ama kwa chokaa. Aliyefundishwa kusafisha anaweza kutumia bomba la sindano la 50 au 60 ml lenye ncha pana na maji ya chumvi ya hospitali ya 0.9%, akisukuma 30 hadi 50 ml polepole, bila kutumia nguvu. Yakigoma kuingia, acha. Asiyefundishwa asijaribu. Nenda ukabadilishiwe mpira. Tumbo likiwa limejaa na linauma, usisubiri hata saa mbili. Bila maumivu, saa nne bila tone ni mwisho.

Tahadhari kwa walioumia uti wa mgongo usawa wa kifua (T6, pingili ya sita ya kifua) au juu yake: kichwa kikianza kugonga ghafla, uso ukaiva, jasho likatoka juu ya sehemu iliyoumia na vipele vya baridi vikasimama, hiyo ni presha inayopanda kwa sababu kibofu kimejaa. Inaweza kupasua mshipa wa ubongo. Keti wima, shusha miguu, legeza mkanda na nguo, nyoosha mrija, mwaga mfuko. Kichwa kisipopungua kugonga ndani ya dakika chache, piga mbio hospitali, na mwambie anayekupokea kwamba chanzo ni mpira ulioziba. Si kila mhudumu atalifikiria hilo.

Unaziba tena na tena

Kuziba mara moja ni ajali, lakini mara tatu kuna kitu nyuma yake. Mara nyingi ni bakteria aitwaye Proteus, anayevunja yurea (taka iliyomo kwenye mkojo) na kuufanya mkojo upoteze uchachu wake. Madini huganda na kujenga chokaa ndani ya mpira. Siku ya kubadilishwa, mwombe nesi akuonyeshe ncha ya mpira uliotolewa. Akiusugua kwa vidole vyenye glavu ukasikika mchangamchanga, na matundu yamezibwa na unga mweupe au wa kijivu, jibu ni hilo.

Hapo kalenda inasaidia kuliko dawa. Tuseme mipira mitatu ya mwisho iliziba siku ya 20, 22 na 19. Panga kubadilisha siku ya 15 au 16, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Kunywa maji ya kutosha, na kamulia limau au ndimu ndani yake. Sitreti ya matunda hayo huchelewesha chokaa kuganda. Hofu ya watu wengi kwamba maji ya Dodoma yana chumvi, kwa hiyo bora kunywa machache, inaleta madhara yale yale inayoyaogopa: mkojo mzito ndio unaogandisha. Kama huna ugonjwa wa moyo au figo uliokufanya daktari akupangie kiasi, lenga lita 2 hadi 2.5 kwa siku, na zaidi ukifanya kazi juani.

Ukiendelea kuziba ndani ya wiki mbili, omba kipimo cha ultrasaundi ya kibofu na figo. Jiwe likiwa ndani, hakuna mpira utakaokaa.

Unavuja pembeni

Kwanza, pameloa wapi? Ukikuta unyevu kwenye kiungio cha mpira na mrija, kiungio kimelegea. Sukuma kikae, au badilisha mfuko. Ukitoka kwenye bomba la chini la kumwagia, kizibo hakijafungwa vizuri au kimechoka. Haya hayana uhusiano wowote na kibofu.

Ukivuja mwilini, ukipita kando ya mpira, uliza swali la pili: mfuko unapokea mkojo? Kama haupokei, umeziba, rudi juu. Kama unapokea, kibofu kinajikaza na kuusukuma mkojo nje. Siku mbili tatu baada ya kuwekewa mpira mpya hilo ni la kawaida. Likiendelea, watuhumiwa ni choo kigumu, mpira unaovutwa kwa sababu haujafungwa pajani, maambukizi, au mpira mnene na puto kubwa kuliko inavyohitajika.

Hapa kuna kosa linalorudiwa hata na watu wa kazi hii. Mpira wa 16 ukivuja, anaweka wa 18, halafu wa 20, na puto la 30 ml. Mpira mnene zaidi hukikera kibofu zaidi, kinajikaza zaidi, na njia inatanuka. Kwa mtu mzima asiyetoa mabonge ya damu, 12 hadi 16 yenye puto la 10 ml hutosha. Ukiona saizi inapanda kila mwezi, uliza kwa adabu lakini uliza: "Daktari, tumeangalia choo na kibofu kujikaza kabla ya kuongeza saizi?"

Zipo dawa za kutuliza kibofu, lakini nyingi hufunga choo na huweza kuwachanganya wazee akili. Ziandikwe na daktari, na choo kitibiwe kwanza. Dona, mlenda, maharage, papai na maembe ya msimu hufanya kazi kubwa hapa kwa bei ndogo, mradi maji yapo.

"UTI sugu"

Hii, yaani maambukizi ya njia ya mkojo yanayosemekana hayaponi, ndiyo inayotafuna fedha za watu wengi bure. Mpira ukishakaa mwezi mmoja hivi, karibu kila mkojo una bakteria. Ukipeleka mkojo uliochotwa mfukoni, kipimo kitasema una maambukizi, leo, kesho na mwakani. Utapewa antibayotiki ya sipro, utarudi, utapewa azuma, utarudi, utachomwa sindano. Mwisho wa safari hiyo ni bakteria asiyesikia dawa, siku utakapoumwa kweli.

Mkojo wenye ukungu au harufu, bila dalili nyingine, si ugonjwa wa kutibiwa na antibayotiki. Ongeza maji, angalia choo, badilisha mfuko kama umepita siku 7. Ugonjwa unajitangaza kwa homa, kutetemeka, maumivu ya ubavuni au mgongoni chini ya mbavu, kutapika, kinena kuuma upya, au mzee kuanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Ukiona hayo nenda siku hiyo hiyo, na pima malaria pia, kwa maana homa ya kwetu ina milango mingi.

Sampuli sahihi hupatikana hivi: mpira wa zamani unatolewa, mpya unawekwa, na mkojo wa kwanza wa mpira mpya ndio unaopelekwa kuoteshwa maabara. Ukichotwa mfukoni, kataa.

Mfuko ukigeuka zambarau usiogope. Bakteria fulani na choo kigumu hutengeneza rangi hiyo kwenye plastiki. Badilisha mfuko, shughulikia choo, na mtaje mhudumu siku ya kliniki.

Damu na rangi nyingine

Mkojo wa rangi ya rosela iliyochanganywa maji mengi, siku ya kwanza baada ya kubadilisha mpira au baada ya mpira kuvutwa kwa bahati mbaya, hutulia wenyewe ukinywa maji. Damu nzito, mabonge, au damu isiyopungua baada ya siku moja ni ya hospitali. Usisahau vitu vinavyodanganya macho: rifampisini ya kifua kikuu hugeuza mkojo rangi ya chungwa hadi nyekundu, bitiruti huufanya mwekundu, na nitrofurantoini huupa ukahawia.

Umechomoka, au umegoma kutoka

Ukichomoka wenyewe, usiutupe. Tazama puto. Likiwa limejaa, mpira ulivutwa au kibofu kiliutema. Tafuta kamba ya pajani na tiba ya kibofu kinachojikaza. Likiwa tupu, lilipasuka au lilivuja. Hakikisha halijakatika kipande, na uupeleke mpira wenyewe hospitali ili wauone, maana kipande kilichobaki kibofuni huota jiwe. Kamwe usiurudishe uliotoka.

Mpira wa tumboni, ule unaoingia kibofuni kupitia tundu chini ya kitovu, una haraka ya pekee. Tundu lake linaweza kujifunga ndani ya saa chache, na upesi zaidi kama ni jipya. Funika kwa shashi au kitambaa safi, nenda saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Puto likigoma kupungua wakati wa kutoa, usikate mpira kwa mkasi na usivute. Mhudumu hubadilisha bomba la sindano na kuacha maji yarudi yenyewe bila kunyonya kwa nguvu. Likigoma bado, hiyo ni kazi ya daktari wa mkojo, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Sababu mojawapo ni kujaza puto kwa maji ya chumvi, ambayo huweza kuacha fuwele kwenye kijia chake. Yanatakiwa maji safi yaliyotakaswa.

Panauma, pana kidonda

Osha mara mbili kwa siku kwa maji na sabuni ya kawaida, ukitoka mwilini kwenda mfukoni, si kinyume. Mwanamke aanzie mbele kwenda nyuma. Mwanamume asiyetahiriwa arudishe ngozi mahali pake baada ya kuosha. Ikisahaulika nyuma huvimba na kukaba. Dettol, unga wa poda na mafuta ya mgando viache: Dettol huchoma ngozi, mafuta ya mgando hula lateksi. Siku za mgao wa maji, kipaumbele ni mikono kabla ya kugusa valvu. Kibuyu chirizi chenye lita moja kinatosha nyumba nzima.

Badilisha paja la kufungia mpira kila unapobadilisha mfuko. Mpira unaovutwa upande mmoja miezi kadhaa hupasua njia ya mkojo, na mpasuko huo haurudi.

Kwa wanaoingiza na kutoa wenyewe

Njia hii ya kuingiza mpira, kumwaga mkojo na kuutoa mpira papo hapo, iliyoenezwa na daktari Jack Lapides wa Marekani kuanzia 1972, ndiyo yenye uhuru mkubwa: hakuna mfuko. Mara 4 hadi 6 kwa siku, na kila mara mkojo usizidi 400 hadi 500 ml. Ukipima ukakuta 700, usipunguze maji, ongeza mara.

Mpira ukikwama kwa mwanamume, kwa kawaida ni kwenye msuli wa kufungia au tezi dume. Inua uume kuelekea tumboni, vuta pumzi ndefu, kohoa kidogo, endelea kwa shinikizo dogo lisilokatika. Usichomechome. Ukigoma, pumzika dakika kumi, ongeza jeli. Mwanamke akikuta mkojo hautoki, huenda umeingia ukeni. Auache pale uwe alama, achukue mwingine na alenge juu yake. Mkojo ukianza kutoka, sogeza sentimita 2 au 3 zaidi.

Mfuko unajaa njiani

Mtu anayekunywa lita mbili hutoa takriban mililita 60 hadi 80 kwa saa, kwa hiyo safari ya basi ya saa nane kwenda Dar ni mililita 500 hadi 650. Mfuko wa mguuni wa 500 ml hautafika bila kumwagwa; wa lita mbili utafika. Watu hupanda wakiwa hawajanywa tone tangu jana ili kuepuka aibu, wanashuka na mkojo mzito na kibofu kinachoungua. Kunywa kama kawaida. Basi likisimama watu wakachimbe dawa, mwaga na wewe, bomba lisiguse ardhi. Treni ya SGR ni rahisi zaidi kwa sababu choo kipo ndani.

Mifuko ya mguuni haipatikani kila duka. Fundi cherehani anashona mfuko wa kitambaa ndani ya suruali au gauni, usawa wa goti, wenye uwazi chini wa kupitishia bomba la kumwagia. Mwambie asibane: mfuko unapojaa unahitaji nafasi. Kwenye bodaboda, mrija upite juu ya paja, kamwe usiwe kati ya paja na siti.

Tendo la ndoa

Linawezekana, na watu huuliza wakiwa wamechelewa. Mwaga mfuko kwanza, jisafishe. Mwanamume akunje mpira kando ya uume, avae kondomu juu ya vyote viwili, na alainishe kwa jeli ya maji. Mwanamke aufunge mpira tumboni kwa plasta, mbali na njia. Usikunje kwa muda mrefu. Baada ya tendo unyooshe na uhakikishe mkojo unatiririka. Anayeona hili linamkera kila mara aulize kuhusu mpira wa tumboni au wa kuingiza na kutoa. Kliniki nyingi hazitalianzisha zenyewe, kwa hiyo lianzishe wewe, ukitaka mkiwa wawili na mwenzi wako.